Hapa hakuna hata ukuta mmoja, Warumi wako wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Moshi, naendesha katapila huku Cambridgeshire, Uingereza. Tunajenga nyumba kwenye eneo lililokuwa shamba la ngano. Kabla ya kuchimba misingi walikuja wanaakiolojia, wakatuomba tuondoe udongo wa juu taratibu, halafu wakaanza kukwangua ardhi kwa miiko ya waashi. Leo ni wiki ya tano. Mimi naona madoa meusi tu kwenye udongo wa manjano, na vigae vya vyungu. Wanasema ni makazi ya Waingereza wa zama za Warumi. Shuleni tulifundishwa kwamba Warumi walijenga kwa mawe, wakawa na mabafu na barabara. Hapa hakuna hata ukuta mmoja. Wanajuaje? Na madoa yana thamani gani hata kazi ya watu isimame?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimechimba mashamba ya namna hiyo kwa misimu kadhaa, katika baridi ya Januari na kwenye mfinyanzi unaovua watu viatu, na swali lako niliulizwa karibu kila siku na wapita njia waliosimama nje ya uzio. Jibu fupi ni kwamba hayo madoa ndiyo nyumba, ndiyo mazizi, ndiyo mipaka ya mashamba na ndiyo makaburi. Ukuta huuoni kwa sababu ulikuwa wa fito na udongo, na fito zimekwisha kuoza.

Kwanza tunyooshe neno moja. Waliokaa hapo hawakuwa Waingereza, maana Waingereza walikuwa hawajafika kisiwani. Na wengi wao hawakuwa Warumi wa kutoka Roma. Walikuwa Wabritania, wakulima na wafugaji wa hukohuko, ambao mababu zao walilima mabonde hayo kabla majeshi ya Kaisari Klaudio wa Roma hayajatua mwaka 43 B.K. Ni Klaudio yuleyule anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Waliendelea kulima chini ya utawala wa Roma hadi ulipokatika mnamo mwaka 410. Kwa hiyo tukisema "makazi ya zama za Warumi" tunataja wakati, hatutaji kabila. Ukilishika hilo, hutashangaa tena kukosa mabafu.

Sasa rangi ya udongo. Naamini siku ya kwanza walikuambia ufungue kile kijiko chenye meno na kufunga kilicho bapa. Meno yanachana ardhi na kuchanganya rangi, na rangi ndiyo maandishi yetu. Mtu akichimba shimo kwenye changarawe ya manjano, hata akilifukia siku hiyohiyo, ardhi hairudi ilivyokuwa. Shimo likiachwa wazi hujaa majivu, samadi, majani yaliyooza na taka za jikoni, likawa jeusi au la kijivu. Miaka 1,800 ikipita, doa bado lipo. Majembe ya trekta yamekata sehemu ya juu pamoja na sakafu na majiko, ila chini ya kina cha jembe shimo limebaki na kila kilichoingia ndani yake.

Kama kwenye eneo lenu kuna mstari mwembamba mweusi uliozunguka kama duara, duara lenyewe likiwa na upana wa mita 8 hadi 12 kutoka upande hadi upande, na pengo la mlango lililoelekea mashariki au kusini-mashariki, basi hiyo ni nyumba ya msonge. Wewe wa Kilimanjaro huhitaji kuelezwa msonge ni nini. Paa lilikuwa la nyasi, limeshuka karibu na ardhi, na maji ya mvua yaliyodondoka kwenye ukingo wa paa yaliingia katika mfereji uliochimbwa kuizunguka nyumba ili ndani pasilowe. Nyumba imekwenda, mfereji umebaki. Ndani ya duara utaona vidoa vidogo vya mviringo, ambavyo ni mashimo ya nguzo. Na ujue kwamba misonge haikukoma Warumi walipofika. Sehemu nyingi za Britania watu waliendelea kuijenga vizazi kadhaa chini ya Roma. Nyumba za pembe nne zilienea polepole, na nyingi zilisimama juu ya mbao zilizolazwa ardhini tu, zikaoza bila kuacha hata shimo. Ndiyo maana mara nyingine tunapata mashamba, mazizi na kisima, lakini nyumba yenyewe hatuioni. Kuna jioni nimerudi nimechoka kabisa baada ya kuitafuta nyumba niliyojua lazima ilikuwapo.

Mawe yapo kwenye nchi ya mawe. Ukifika Chysauster kule Cornwall, au Din Lligwy kwenye kisiwa cha Anglesey, utaingia ndani ya kuta za wakulima wa zama hizohizo zilizosimama mpaka leo, kwa sababu huko jiwe ndilo lililokuwa karibu. Upande wenu wa bonde la mto Great Ouse ni changarawe na mfinyanzi, na mtu hujenga kwa kilicho karibu. Yale majumba ya shambani yenye sakafu za nakshi na joto la chini ya sakafu yalikuwapo kweli, na ndiyo watalii wanayopelekwa kuyaona, ila wenye nayo walikuwa wachache. Chuo Kikuu cha Reading na washirika wake walikusanya ripoti za makazi ya vijijini yapatayo 2,500 yaliyochimbwa, wakazitoa katika juzuu 3 kati ya mwaka 2016 na 2018. Yaliyojaa humo ni mashamba ya kawaida kama hilo lenu. Watu wengi mno wa Britania ya Kirumi waliishi kwenye haya yasiyo na ukuta, na hawakuacha kitabu hata kimoja. Tusiposoma madoa yao tumewafuta.

Nikiulizwa ni kitu gani nitakiokoa kwanza kama ningepewa wiki moja tu, nitasema mitaro. Pale kwenu bila shaka ipo mistari mipana meusi inayokatiza eneo zima. Unaijua mifongo ya Kilimanjaro inayoleta maji mashambani. Mitaro hii kazi yake ilikuwa kuyaondoa maji, na pia kuonyesha mpaka na kuzuia ng'ombe. Sisi hatuichimbi yote. Tunakata kipande cha mita 1 hivi kuvuka mtaro, tunasafisha upande wa wima kwa mwiko mpaka uwe laini kama ukuta uliopigwa plasta, kisha tunapiga magoti kuutazama.

Mtaro mmoja nilioukata ulikuwa hivi. Chini kabisa kulikuwa na tope laini la kijivu lenye vikonokono vidogo kuliko punje ya mtama. Tope la namna hiyo husema maji yalisimama kwa muda mrefu na mtaro ulikuwa unatunzwa. Juu yake palimwagwa majivu na mifupa kwa mkupuo mmoja, na mteremko wa majivu ulionyesha kwamba aliyemwaga alisimama upande wa kushoto, yaani upande wa nyumba. Juu ya majivu ukaonekana mkato mpya wenye umbo la V uliopenya tabaka zote za zamani, kwa sababu mtu alikuja kuuchimba upya mtaro uliokuwa umejaa. Halafu ukajaa tena, ukachimbwa tena, kila mara ukisogea kidogo. Mitaro iliyochimbwa upya mara 3 au 4 mahali palepale ni ya kawaida sana. Ina maana mpaka uliheshimiwa baba hadi mjukuu, na kulikuwa na mtu aliyejua mpaka ulipita wapi hata baada ya kufukiwa. Hakuna hati ya ardhi iliyotufikia kutoka kwa wakulima hawa. Hati yao ni hiyo V juu ya V.

Unauliza wanajuaje kwamba ni zama za Warumi. Vigae ndivyo vinavyosema. Ukiona kipande chekundu kinachong'aa, laini kama kimepakwa nta, hicho hakikufinyangwa hapo. Kilitoka viwanda vya nchi ambayo leo ni Ufaransa, kama La Graufesenque na Lezoux, kikavuka bahari hadi jikoni kwa mkulima. Baadhi vina muhuri wa jina la mfinyanzi, na miaka ya kazi ya mafundi wengi inajulikana. Baadhi ya vyungu vyeusi vya kupikia vilitoka karibu na Poole Harbour, pwani ya kusini. Na vile vikombe vyenye rangi nyeusi au kahawia, vingine na nakshi ya udongo mweupe kama sukari iliyomiminwa juu ya keki, vilitengenezwa karibu sana nanyi, bonde la mto Nene, kuzunguka mji wa Durobrivae magharibi ya Peterborough. Viwanda hivyo vilishamiri kuanzia karne ya 2. Basi kigae cha Nene kikikutwa chini ya tabaka, tabaka hilo haliwezi kuwa la kabla ya hapo.

Hesabu hiyo ina mtego. Kigae cha zamani kinaweza kulala shambani miaka 100 ndipo mvua ikisukume mtaroni. Ndiyo maana hatutegemei kigae kimoja, tunategemea ndoo nzima, na kinachohesabika zaidi ni kile kipya kuliko vyote. Upande wa mwisho nao una shida yake. Sarafu mpya kutoka Roma zilikoma kufika kwa wingi baada ya mwaka 402 hivi, na viwanda vya vyungu vikafa muda mfupi baadaye. Kwa macho yetu shamba linatoweka ghafla, kana kwamba watu walihama usiku mmoja. Mimi siamini hivyo. Watu walibaki wakila kwenye vyombo vya mti na kulipana kwa ng'ombe, na mti na ng'ombe havitupi tarehe.

Hebu waulize kama wamepata tanuri. Likiwapo utalijua kwa umbo lake kama herufi T, mfereji uliojengwa ardhini kwa udongo na mawe, umeungua ukawa mwekundu, na mdomoni pana mkaa mwingi. Vitabu vya zamani viliyaita matanuri ya kukaushia nafaka. Peter Reynolds, aliyeanzisha shamba la majaribio la Butser kule Hampshire, alijenga la mfano akaliwasha. Akaona halikaushi nafaka vizuri ila linafaa sana kwa kimea. Tukichukua udongo wa ndani na kuusuuza kwenye pipa la maji, punje zilizoungua huelea juu. Ukiziweka chini ya darubini unaona ngano ya kale yenye maganda magumu, na mgongoni mwa baadhi ya punje pana mfereji mwembamba ulioachwa na chipukizi. Ngano ilikuwa imeota kabla ya kuungua. Nyumbani kwenu ulezi unaloweshwa, unaachwa uote, unakaushwa na kusagwa, ndipo pombe ya mbege ipatikane. Huyu bwana wa karne ya 3 alikuwa kwenye hatua ya kukausha, moto ukamzidi, akapoteza mzigo wake. Hasara yake ndiyo imetufikisha jikoni kwake, kwa sababu punje isiyoungua huoza na iliyoungua hubaki.

Kimea hicho na nafaka nyingine havikuliwa nyumbani vyote. Jeshi na miji vililishwa kutoka mashamba kama hayo, na mwishoni mwa miaka ya 350 Juliani, kabla hajawa Kaisari mkuu, alisafirisha kwa meli nafaka ya Britania kwenda kulisha miji na ngome za mto Rhine. Mifupa ya ng'ombe pia inaonyesha shinikizo hilo. Katika mashariki ya Uingereza ng'ombe walikuwa wakubwa zaidi kadiri karne za Kirumi zilivyosonga, maana wakulima walikuwa wakichagua madume na kuleta mbegu bora.

Nimeacha watu wenyewe makusudi mpaka hapa. Mwaka 2017, kijiji cha Fenstanton, si mbali na huko uliko, wanaakiolojia walichimba mahali palipokuwa panajengwa nyumba, hali kama yenu kabisa. Walikuta makazi ya kando ya barabara ya Kirumi, mifupa mingi ya wanyama iliyopasuliwa kutoa uboho, pengine wa sabuni au mishumaa, na makaburi madogo 5. Mtu mmoja alikuwa mwanaume wa miaka 25 hadi 35. Alipochimbuliwa hawakuona ajabu. Mifupa ilipooshwa maabara ndipo msumari ulipoonekana, umepenya mfupa wa kisigino chake cha kulia. Alikuwa amesulubiwa. Duniani kote ushahidi wa namna hiyo, msumari ukiwa bado ndani ya mfupa, ni nadra mno, na huu umehifadhiwa vizuri kuliko wowote ujulikanao. Kipimo cha kaboni, kinachotoa umri wa mfupa, kinaweka kifo chake kati ya mwaka 130 na 360. Baada ya kifo kile cha aibu kuna watu waliomchukua wakamzika pamoja na wenzao. Nikifikiria hapo huwa nanyamaza kidogo.

Wa pili alipatikana wakati barabara ya A14 inapanuliwa, karibu na Offord Cluny. Alikuwa kijana wa miaka 18 hadi 25, amezikwa peke yake ndani ya mtaro wa shamba, bila chungu wala pete. Ungelipita kaburi hilo bila kugeuka. Uchunguzi wa vinasaba vyake, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba asili yake ni jamii za Wasamatia, wafugaji wa farasi wa kule Kaukazi na nyika za mashariki. Meno yake yakasema zaidi. Hadi kama miaka 5 alikula sana nafaka za jamii ya mtama na uwele, ambazo Britania hazikuwa chakula cha watu. Kadiri alivyokua nafaka hizo zikapungua mwilini mwake. Alikuwa akisafiri kuja magharibi tangu utotoni. Mwandishi wa historia wa zama za Warumi, Cassius Dio, anasema mwaka 175 wapanda farasi 5,500 wa Kisamatia walipelekwa Britania. Huenda kijana huyu alikuja na watu wa msafara huo. Shamba moja la Cambridgeshire, na ndani ya mtaro wake amelala mtoto aliyelelewa kwa mtama maelfu ya kilomita mbali. Bila mtu wa katapila aliyekwangua taratibu, asingejulikana kamwe.

Na sauti zao zipo, japo chache. Kwenye kilima cha Uley, Gloucestershire, palikuwa na hekalu la mungu Merkuri, na wakulima walikuwa wakipeleka huko mashtaka yaliyochorwa juu ya vipande vyembamba vya madini ya risasi. Mmoja, jina lake Cenacus, anawashtaki Vitalinus na mwanawe Natalinus kwa kumwibia mnyama wake wa kazi. Anaomba wasiwe na afya mpaka wamrudishie mnyama, na wamlipe mungu anachowadai. Mnyama wa kazi akiibwa, msimu wa kulima umekwenda. Hasira ile naielewa kabisa, na nadhani mfugaji yeyote wa kwetu ataielewa.

Kuhusu kazi kusimama, tangu mwaka 1990 miongozo ya serikali ya Uingereza katika kutoa vibali vya ujenzi imesema kwamba mwenye mradi unaoharibu mabaki ya kale ndiye anayegharamia kuyachunguza kwanza. Kwa kawaida gharama na wiki hizo huwekwa kwenye mpango wa mradi mapema. Misingi yenu ikishamwagwa zege, hakuna atakayeisoma tena ile mitaro hata baada ya miaka 1,000. Wiki zao ni chache sana ukilinganisha na hilo, na mara nyingi wanakimbizana na mvua. Kuna jambo dogo unaloweza kuwasaidia. Asubuhi yenye umande, au baada ya manyunyu, rangi za udongo hukolea kwa saa moja hivi. Ukiwa juu ya kiti cha katapila unaona umbo ambalo aliyepiga magoti chini halioni. Ukiona duara au pembe, waite.

Ukiona sarafu, usiitie mfukoni, hata kama ni nyeusi na ndogo kama kifungo cha shati. Iache ilipo uwaite, kwa sababu mahali ilipolala ndipo penye habari. Zaidi ya hapo, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inagusa sarafu za zaidi ya miaka 300 zikikutwa pamoja, mbili au zaidi kama ni za dhahabu au fedha, kumi au zaidi kama ni za shaba, na taarifa itolewe ndani ya siku 14. Kuificha ni kosa, na kwa mtu aliye ugenini kosa hilo linaweza kukuponza kuliko thamani ya sarafu yenyewe.

Muda wa chai ukifika, nenda pale wanapooshea vigae, uombe kukishika kimoja cha bonde la Nene. Kigeuze upande wa ndani. Nje wamekilainisha na kukipaka rangi kwa ajili ya mnunuzi, lakini ndani hawakuwa na haja ya kulainisha. Pitisha kidole chako kwenye ile mistari iliyozunguka. Hivyo ni vidole vya mfinyanzi, gurudumu likiwa bado linazunguka.